Kuibiwa kwa Akina Mama wa Butiama

Mgeni hakubisha hodi. Aliingia kituo cha polisi cha Musoma akiwa amevaa suti nyeupe iliyojaa nzi wadogo wa ziwani, akasimama mbele ya meza ya Sajenti Kwangu Ngolo, akasema:

"Nimeibiwa akina mama wa Butiama."

Sajenti Kwangu alikuwa akikoroga chai. Aliacha kijiko ndani ya kikombe.

"Wote?"

"Wote, bwana. Wa Bunda wameachwa. Wamo ndani ya sanduku."

Konstebo aliyekuwa mlangoni alikohoa ili asicheke. Sajenti alimtazama mara moja, konstebo akakumbuka kazi ya nje.

"Kaa, bwana. Hao akina mama wako hai?"

"Wako hai na wako kwao. Nilizoibiwa ni sauti zao." Mgeni alikaa, akaanza kujipangusa nzi mabegani. "Naitwa Alawi Hamduni. Mimi ni mkuu wa vipindi vya mchana kwenye redio, Dar es Salaam. Nilikuja huku na mashine ya kunasa sauti. Nimezunguka Bunda na Butiama nikinasa nyimbo za wanawake. Leo asubuhi hapa Musoma nimefungua sanduku, kanda ya Butiama haimo."

"Kanda ni kitu cha namna gani?"

"Ni utepe mwembamba wa kahawia, umezungushwa kwenye gurudumu kubwa kama sahani. Sauti inalala humo."

"Ina bei?"

"Kwa mwingine haina. Haisikiki bila mashine, na mashine wameiacha."

Sajenti alisogeza kikombe pembeni. Mwizi anayeacha mashine na kuchukua utepe alikuwa mgeni kwake, na ilikuwa miaka mingi tangu mwizi yeyote wa Musoma awe mgeni kwake.

"Nieleze kazi yako, bwana Alawi. Nieleze kama mtu asiye na redio."

"Huna redio, Sajenti?"

"Sina."

Alawi alishusha pumzi. "Nilianza kwa kusoma matangazo ya vifo. Walisema nina sauti ya huzuni. Halafu wakanipa saa ya mchana, kwa sababu hakuna aliyeitaka. Wakubwa walisema mchana redio haina wasikilizaji, wanaume wako kazini. Nikawauliza, na nyumbani je? Wakanijibu, nyumbani mchana hakuna mtu."

"Hakuna mtu."

"Ndivyo walivyosema. Nikaichukua saa hiyo. Nikaweka mafundisho ya kulea watoto, mapishi, salamu, nyimbo. Watu wasiokuwepo wakaanza kusikiliza. Sasa amekuja mkubwa mpya. Anataka saa hiyo ijazwe sahani za santuri, kwa kuwa santuri hazili posho wala hazipandi gari. Nimemwomba nafasi moja, kipindi kimoja cha wanawake wa bara ambao hawajasikika hata siku moja. Akikipenda, saa inabaki. Kanda zisipoondoka na meli ya leo jioni kwenda Mwanza, hazitawahi treni. Nimekwisha, na saa yangu imekwisha. Saa ya redio ikichukuliwa, bwana, hairudi."

"Unamshuku nani?"

Alawi alitazama mikono yake. "Dereva wangu, Eliasi. Inaniuma kusema. Lakini ni yeye tu aliyekaa na gari."

Gari la redio lilikuwa limesimama chini ya kivuli cha ukuta. Eliasi, kijana mrefu mwenye kofia ya khaki, alikuwa ameketi kwenye ngazi ya gari kama mtu anayesubiri kunyongwa. Sajenti hakusema naye. Alianza na sanduku.

Lilikuwa sanduku la mbao lenye mikanda miwili ya ngozi. Mikanda haikukatwa. Ndani, kanda za Bunda zilikaa zimesimama kama vitabu, na nafasi ya kanda iliyokosekana ilijazwa gazeti lililokunjwa ili nyingine zisilale.

"Gazeti hili umeliweka wewe?"

"Hapana," alisema Alawi. "Gazeti ni langu, lakini lilikuwa kwenye kiti cha mbele."

"Basi mwizi wako ni mtu wa adabu. Ameiba, halafu akahakikisha zilizobaki zisivunjike." Sajenti alifunga mikanda. "Mara ya mwisho uliiona wapi kanda hiyo?"

"Kiabakari, jana. Tulipotoka Butiama tulisimama pale kunywa chai kwenye duka moja la barabarani. Watu waliomba, nikawachezea nyimbo kidogo. Kisha nikairudisha ndani ya sanduku kwa mikono yangu."

Sajenti alimgeukia dereva. "Eliasi. Kiabakari uliondoka kwenye gari?"

"Sikuondoka, afande. Hata hatua moja."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, afande. Mzee aliniambia nisibanduke, sikubanduka."

Sajenti aliinama, akaingiza mkono chini ya kiti cha dereva, akatoa kuku mwekundu aliyefungwa miguu. Kuku alipiga kelele.

"Huyu alikufuata mwenyewe?"

Eliasi alimtazama kuku kana kwamba ndiye aliyemsaliti. "Ni wa mama yangu, afande."

"Mama yako yuko wapi?"

"Morogoro."

"Kuku wa Morogoro ananunuliwa Kiabakari?"

"Ni wakubwa, afande, na bei yao ni ndogo. Nilivuka barabara tu. Mwenye kuku alikuwa mkaidi, tukabishana." Alimgeukia Alawi. "Mzee, nilidanganya juu ya kuku. Juu ya kanda sijadanganya. Nikikuibia wewe nitamwendesha nani?"

Sajenti alimrudisha kuku chini ya kiti.

"Sasa tunajua gari lilikaa peke yake. Kabla ya Kiabakari, kuna mtu aliyekutishia, bwana Alawi?"

"Yupo. Omari, fundi cherehani wa Nyakato. Ana kikundi cha muziki. Nilipofika wiki iliyopita alitaka niwanase. Nikamwambia kipindi changu ni cha wanawake. Akasema mbele ya watu kwamba hakuna kanda itakayotoka Musoma bila yeye."

Nyakato haikuwa mbali. Walimkuta Omari barazani akishona suruali, sindano tatu zimechomekwa kwenye kola ya shati lake. Mkewe, Mwanaamina, alikuwa kando akichambua mchele.

"Mwalimu wa redio," alisema Omari bila kusimamisha cherehani. "Umekuja kutunasa?"

"Polisi ndio wamekuja kukunasa," alisema Sajenti. "Ulisema kanda haitatoka Musoma."

"Nilisema."

"Ulikusudia nini?"

"Nilikusudia kuisomea dua mbaya. Nilikwenda kwa mwalimu wa madrasa, akataka ubani. Sikuwa na ubani. Nikarudi kushona."

"Na jana mchana ulikuwa wapi?"

Mwanaamina alicheka hadi mchele ukamwagika. "Huyu? Afande, jana alikuwa hapa hapa akigombana na suruali ya karani wa bandari. Ameishona miguu yote miwili ikawa mguu mmoja. Ameifumua, ameishona tena, ameifumua. Mwulize karani, alikaa hapa na kikoi mpaka alasiri akisubiri."

"Mwanamke, hayo ni mambo ya ofisi," alisema Omari.

Karani wa bandari alipatikana njiani, na suruali ilikuwa mwilini mwake, mguu mmoja ukiwa mfupi kuliko mwingine. Sajenti hakuhitaji kumwuliza zaidi.

"Kiabakari," alimwambia Eliasi.

Gari lilitoka mjini. Jua lilikuwa limeanza kuwa kali, na Alawi alitazama saa yake kila walipopita kijiji. Sajenti alimwacha atazame, kisha akaanza upya.

"Turudi dukani. Waliokuwepo walikuwa nani?"

"Wanunuzi. Wafanyakazi wa mgodi, wanawake kadhaa. Na mwenye duka, Alfonce. Ana redio ya betri, redio pekee pale. Mtu mwema. Alitupa chai, akaziba mdomo wa kila aliyeongea ili nyimbo zisikike. Mpaka wimbo wa mwisho."

"Wimbo wa mwisho ulikuwaje?"

"Ndio bora kuliko zote. Mama mmoja anaitwa Wankyo, anaimba akisaga ulezi. Jiwe linasikika. Nikiusikia natetemeka, Wallahi. Ndio niliotegemea kumpa yule mkubwa." Alawi alitikisa kichwa. "Lakini Alfonce haukumpendeza. Alikuwa akipima sukari. Mama alipoanza tu kuimba, akaacha sukari kwenye mizani, akatoka."

"Kwa mlango gani?"

"Wa nyuma."

"Alisema kitu?"

"Hakusema. Aliinama, akajifunika kichwa kwa gunia tupu, akatoka mbio kama mtu mwenye tumbo la kuhara. Watu wengine walicheka kichinichini. Nikaona ni tumbo."

"Akarudi?"

"Alikuja baadaye garini, nilipokuwa nafunga mikanda ya sanduku. Aliniuliza kama yule mama ataimba humu ndani, akionyesha dukani, kwenye redio yake. Nikamwambia ndiyo, atamsikia. Nikarudi kumaliza chai."

Sajenti aligeuka mwili mzima kitini. "Bwana Alawi. Alisema ataimba, au alisema ataimbaga?"

"Ataimbaga. Lakini hiyo *ga* yenu mnaiweka kila mahali kama chumvi."

"Hatuiweki kila mahali." Sajenti alimgusa dereva begani. "Eliasi, njia panda usiende Kiabakari. Kata kwenda Butiama."

"Meli, Sajenti," alisema Alawi.

"Meli tutaikuta. Nikimwuliza mtu jambo kama hili nataka niwe ninajua jibu."

Mama Wankyo alikuwa akianika mtama mbele ya nyumba yake. Alikuwa mwembamba, na alipoliona gari alijipangusa mikono kwa furaha.

"Shikamoo, mama," alisema Sajenti.

"Marahaba, baba. Mmeirudisha sauti yangu? Haikutosha?"

"Ilitosha, mama. Nina swali dogo. Binti yako ameolewa wapi?"

"Nyamburi? Kiabakari. Kwa yule mwenye duka, mwenye sanduku linalosema."

Alawi alifungua mdomo. Sajenti alimwinulia kidole.

"Unakwendaga kumwona?"

"Nitaendaje, baba? Wewe ni mtu wa wapi? Ile ni nyumba ya mkwe wangu. Mlango ule mimi siingiagi. Nyamburi anakujaga huku mara moja moja, duka halimpi nafasi." Alimgeukia Alawi. "Huyu mgeni aliponiambia wimbo unaingia kwenye sanduku, na sanduku linasema ndani ya nyumba, nikasema basi. Mguu wangu hauingii, sauti itaingia. Nilimwimbia mwanangu. Nilimwuliza kama jiwe lake linasaga vizuri. Ndiyo maneno ya wimbo. Na wewe uliniahidi atanisikia."

"Nilikuahidi, Bi Wankyo," alisema Alawi polepole.

"Na mkwe wako je, mama?" aliuliza Sajenti. "Ukiimba ndani ya nyumba yake afanye nini?"

Mama Wankyo aliokota punje iliyodondoka. "Yule ana miguu. Atatoka."

Walirudi garini, na walipofika barabara kubwa Alawi alimgeukia Sajenti. Kisha akasema, "Kwetu pwani mama mkwe anaheshimiwa. Lakini sikujua kwamba hata sauti."

"Huku kuna nyumba ambazo mwanaume na mama wa mke wake hawakai chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Akisikika upande huu, mwingine anakwenda upande ule. Umemwingiza mama mkwe wa Alfonce dukani bila hodi, mwenyewe akiwa na mizani mkononi, mbele ya wateja wanaomjua."

"Nimemtia aibu."

"Hiyo angeisahau. Halafu akakuuliza swali. Kama angesema *ataimba*, ni mara moja. Alisema *ataimbaga*. Maana yake, je, mama huyu atakuwa akiimba humu siku zote, leo, kesho na mwakani? Atahamia? Ukamjibu ndiyo."

Alawi alijishika kichwa. "Utachezwa mara moja tu. Jumatano moja."

"Yeye hajui. Anajua kwamba kuanzia sasa hana duka."

Eliasi alisema bila kugeuka, "Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe," alisema Sajenti.

"Mzee amesikia?"

"Nimesikia, Eliasi," alisema Alawi. "Ngoja tuipate kanda, nitasema yanayostahili."

"Kama hajaichoma," alisema Eliasi.

"Hajaichoma," alisema Sajenti. "Mtu aliyeweka gazeti ili kanda za Bunda zisianguke hawezi kumchoma mama mkwe. Hawezi kumtupa porini. Na ndani ya nyumba hawezi kumweka, kwa sababu hapo ndipo anapomkimbia. Sasa fikirini wenyewe, mgeni mheshimiwa asiyeweza kulala ndani wala nje, atalazwa wapi?"

Kifusi cha mgodi wa Kiabakari kilianza kuonekana, kijivu juu ya miti.

Duka la Alfonce lilikuwa na wateja wachache saa ile. Mwenyewe alikuwa nyuma ya meza, mwanaume mnene kiasi, mwenye mashavu ya upole. Alipoliona gari la redio alianza kupanga sabuni ambazo zilikuwa zimekwisha pangwa.

"Karibu, afande. Chai?"

"Chai baadaye. Alfonce, mgeni wako amelala salama?"

"Mgeni yupi, afande?"

"Wa Butiama."

Sabuni moja ilidondoka. Alfonce hakuiokota.

"Ndani ya nyumba hayumo," alisema Sajenti kwa sauti ya chini ili wateja wasisikie. "Porini hukumtupa. Nimeona ghala la mtama nyuma ya nyumba yako, lina paa lake na mlango wake. Twende tukamwamkie?"

Alfonce alitazama chini. "Yuko ghalani," alisema.

Ghala lilikuwa safi, limefagiliwa. Juu ya magunia ya mtama kulikuwa na kiti cha miguu mitatu, na juu ya kiti, ndani ya khanga mpya ambayo haijakatwa bado, kulikuwa na kitu cha duara. Alawi aliifungua khanga. Alizungusha utepe kwa kidole, akautazama kwa mwanga wa mlango kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akaketi palepale juu ya gunia kama mtu aliyetua mzigo.

"Mzima," alisema. "Mzima kabisa."

"Ningemfanya nini?" alisema Alfonce. Alibaki nje ya ghala, amegeuza uso. "Ni mama wa mke wangu. Nilitaka ninyi muondoke tu, mwende zenu mbali, halafu nimtafutie mtu wa kumrudisha Butiama. Nilikuwa sijui nimpe nani. Nimwambie nini, kwamba abebe sauti?"

"Kwa nini hukusema na bwana huyu?"

"Nilisema naye. Nilimwuliza kama ataimbaga humu. Akasema ndiyo, tena kwa kucheka."

"Bwana Alfonce," alisema Alawi, "nilisikia nusu ya swali lako. Wimbo utatoka mara moja. Jumatano moja, wimbo mmoja, basi."

Alfonce aligeuka. "Mara moja?"

"Mara moja."

"Hatakuwa anaimbaga?"

"Hataimbaga."

Alfonce aliegemea ukuta wa ghala, akacheka kicheko kidogo kisicho na sauti, mabega yakitikisika. Alijifuta macho kwa kiganja.

"Usiku mzima nimekaa nafikiria kuuza duka," alisema.

"Umemficha mama yangu ghalani?"

Mwanamke alikuwa amesimama mlango wa nyuma, mwiko mkononi. Alikuwa na uso wa Mama Wankyo, mnene zaidi.

"Nyamburi, sikumficha," alisema Alfonce. "Amekaa kwenye kiti."

"Kiti kipi?"

"Kile cha wageni. Nikamfunika khanga."

"Khanga ipi?"

"Ile niliyokuwa nimekuwekea wewe."

Nyamburi alishusha mwiko. "Mama ameimba nini?" aliuliza.

Alawi alisema, "Anauliza kama jiwe lako linasaga vizuri."

Nyamburi alitazama upande wa barabara ya Butiama.

Alawi alisimama. Kutoka mfuko wa koti alitoa wembe uliofungwa kwenye karatasi, ule anaoukatia kanda. "Bwana Alfonce, mimi ndiye niliyekosa adabu. Wimbo huo uko mwisho kabisa wa kanda. Ukiniambia niukate, nitaukata hapa mbele yako, na zilizobaki zitakwenda Dar es Salaam." Bila wimbo ule kanda ilikuwa kanda tu.

"Ukikata," Nyamburi alimwambia, "mimi nabeba mtoto narudi Butiama kumsikiliza hukohuko. Na duka aendeshe yeye, na ugali apike yeye."

Alfonce alimtazama mke wake, akautazama wembe.

"Jumatano saa ngapi?"

"Saa saba na nusu mchana."

"Jumatano ni gulio hapa," alisema Sajenti. "Saa hiyo ndiyo watu wanajaa."

"Najua siku za gulio, afande. Ni duka langu." Alfonce alifikiri. "Nitatoka. Nitakwenda kule kwenye kifusi, sauti haifiki. Nyamburi atakaa na redio. Na hatauza. Hawezi kupima sukari na kumsikiliza mama yake kwa wakati mmoja. Watu wakitaka kununua waende kwa jirani."

"Siku ya gulio?" alisema Nyamburi. "Wewe?"

"Nimesema nitatoka."

"Utaweza?"

"Ana miguu," alisema Sajenti, na Eliasi akacheka.

Juu ya wizi, Sajenti alisema kifupi. Mwenye mali alikuwa na mali yake mkononi, na alipoulizwa kama ana malalamiko alijibu kwamba malalamiko yake yote ni juu yake mwenyewe. Sajenti alimwambia Alfonce kwamba mtu mmoja asiye na hatia ameshukiwa tangu asubuhi kwa ajili yake, na huyo ndiye wa kuombwa radhi. Alfonce alimwendea Eliasi, akamshika mikono miwili. Alawi alisubiri, kisha akafanya vivyo hivyo, mbele ya wateja wote.

"Nilikuona mwizi kwa sababu ulikuwa karibu," alisema. "Hiyo si sababu. Nisamehe."

"Yamekwisha, mzee," alisema Eliasi. "Lakini kuku naenda naye."

"Kuku atakaa mbele na mimi."

Meli ilikuwa ingali gatini Musoma walipofika, moshi umeanza kupanda. Alawi alizikabidhi kanda zote kwa karani mwenyewe, yule wa suruali, akasimama gatini hadi kamba zikafunguliwa. Hapo ndipo alipovua koti lake jeupe. Mgongo wa shati ulikuwa umelowa wote.

Habari kutoka Dar es Salaam ilimfikia Sajenti Kwangu baada ya majuma kadhaa, kwa mdomo wa Eliasi aliyepita akiwa njiani kwenda Tarime na mashine ileile. Yule mkubwa mpya alisikiliza kanda ya Butiama akiwa amesimama, kisha akaketi, kisha akaomba irudiwe. Saa ya mchana haikuguswa. Wimbo wa Mama Wankyo ungetoka Jumatano iliyofuata.

Jumatano hiyo Sajenti alikuwa na kazi ya ng'ombe aliyepotea upande wa Bunda, na njia ya kwenda Bunda inapita Kiabakari. Alifika gulio likiwa limejaa. Mawingu yalikuwa yameshuka juu ya kifusi cha mgodi, na matone ya kwanza yalianza kuanguka. Wachuuzi walifunika vitu vyao, na watu wakakimbilia kwenye paa lililokuwa karibu, ambalo lilikuwa la duka la Alfonce.

Alfonce alikuwa mlangoni, akitazama umati ukiingia. Kila mmoja alikuwa na mfuko au chupa ya mafuta ya taa. Redio juu ya rafu ilikuwa ikisema mambo ya uji wa watoto.

"Alfonce, chumvi," alisema mtu.

"Nipimie mafuta kwanza," alisema mwingine.

Kutoka kwenye redio sauti ya Alawi, ya taratibu na ya karibu, ilisema sasa tunakwenda Butiama.

Alfonce alichukua gunia tupu, akajifunika kichwa. Alifunga meza ya kuuzia kwa komeo, akamwachia Nyamburi kiti, akapenya katikati ya wateja wake. "Jirani anauza," aliwaambia. "Leo nendeni kwa jirani." Wakamcheka, wakamwita mkwe, mmoja akamwuliza kama ameogopa jiwe la kusagia. Hakugeuka. Alivuka barabara na kuanza kupanda kuelekea kifusi, na mvua ikakaza.

Ndani jiwe lilianza kusaga. Nyamburi aliishusha redio mezani, akaweka shavu karibu na kitambaa cha spika, mtoto mapajani, na watu wote waliokuwa wakitaka chumvi wakanyamaza. Baadhi walitoka kwenda kwa jirani. Wengi walibaki.

Sajenti alisikiliza kidogo, kisha akatoka na kupanda kifusi. Alimkuta Alfonce amesimama juu kabisa, gunia limelowa na kumganda mabegani, mgongo wake ukiwa upande wa duka.

"Amemaliza?" aliuliza Alfonce.

"Bado."

Chini, wateja wenye mifuko walikuwa wakivuka matope kwenda duka la pili. Alfonce aliwaona. Alivuta gunia likamfunika masikio, akaendelea kusimama.